Gamba moja kutoka shimo la choo, Pande

Mifuko ya kitambaa ya kuwekea sampuli za udongo nilinunua kumi na miwili, nikahitaji kumi na mitatu. Safari nzima ya Pande, wilayani Kilwa, naikumbuka kwa huo mmoja uliopungua.

Toka Dar hadi Nangurukuru sina la kusimulia, basi lilifika. Kiranjeranje ndipo pesa ilipoanza kuondoka: bodaboda aliyenipeleka Pande alitaka nauli ya mtu mmoja, lakini siku ya kurudi, alipopima kwa mkono uzito wa udongo, akadai nauli ya watu wawili. Kilo kumi na nne! Nililipa, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na udongo wa huko ukilowa haupitiki kwa gurudumu wala kwa mguu.

Udongo huohuo ndio ulionipeleka. Wanajiolojia wanaufahamu dunia nzima. Ni udongo wa mfinyanzi uliotua kwenye bahari yenye kina, ukafungamana sana kiasi kwamba maji hayakupenya ndani yake, na foraminifera waliozikwa humo wamebaki na magamba yanayong'aa kama kioo. Foraminifera ni viumbe vya seli moja, na gamba la mmoja ni kama chembe ya mchanga. Sehemu nyingi duniani magamba ya umri huu yamegeuka meupe kama chokaa, kwa sababu madini yake yalikwisha kuyeyuka na kuganda upya. Ya Kilwa ukiyaweka chini ya hadubini unaona mwanga ukipita.

Shida ni kuufikia udongo wenyewe. Juu umeoza kwa mvua. Maji ya mvua yana tindikali kidogo, yanakula magamba yote, na ukichota kwenye mita ya kwanza hupati kitu. Ndiyo maana kuanzia mwaka 2002 watafiti walitoboa visima vya miamba katika ukanda huu. Asiye na mtambo wa kutoboa hutafuta korongo lililokatwa na maji, au mtu anayechimba.

Korongo nililipata siku ya kwanza. Siku ya tatu nikapata mtu anayechimba choo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa unaokota udongo. Huu hauoti hata mhogo, wewe unaubebea nini?"

Nikamweleza kwamba una wadudu wa bahari ya zamani na kwamba wadudu hao hutaja umri. Akatazama upande wa pwani, akasema bahari haijawahi kuwa mbali na hapa, basi haoni ajabu. Akaniruhusu nishuke.

Shimo lilikuwa futi 13, yaani karibu mita 4. Mita mbili za juu rangi ya manjano na kahawia, zimeoza. Chini yake kijivu kinachoelekea kijani, kigumu, kibichi. Lundo la udongo lililotupwa nje halifai kabisa, kwa kuwa fundi akishatupa, udongo wa chini na wa juu vimechanganyika na kina hukijui tena. Sampuli inachukuliwa ukutani. Unakwangua ukuta kwa kisu kwa upana wa kiganja hadi uone rangi safi, unafuta kisu, unatoa nusu kilo, unaandika kina kwenye mfuko kabla ya kutoa nyingine. Nilianzia chini kwenda juu ili vumbi la juu lisidondokee nilipokwisha kusafisha.

Mifuko mipya haikuzitosha sampuli zote, na niliyoiacha bila mfuko mpya ni ya kwanza, ya mita 3.9. Nikachukua mfuko uliobeba udongo wa korongoni, ambao nilikuwa nimeuhamishia kwenye kopo lenye kifuniko, nikaukung'uta mara tatu, nikaugeuza nje ndani, nikautumia. Bonge moja la kina hichohicho nikalifunga kwenye gazeti.

Siku za kurudi nazipita. Maabara, unakausha udongo kwenye joto lisilozidi nyuzi 50, unapima gramu 200, unaloweka kwenye maji yenye sodiamu heksametafosfeti kidogo mpaka ulainike kama uji. Usiweke siki wala tindikali yoyote, utayeyusha ulichokifuata. Unausafisha kwa maji ya bomba juu ya chujio la mikroni 63 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Mfinyanzi unapita, magamba yanabaki. Unakausha, unamwaga kwenye sahani nyeusi, unaokota gamba mojamoja kwa brashi nyembamba iliyoloweshwa. Kati ya sampuli na sampuli unasugua chujio, kisha unalitumbukiza kwenye rangi ya methileni bluu. Gamba lililong'ang'ania matundu litakuwa la buluu, na likitokea kwenye sampuli inayofuata utajua ni mgeni.

Udongo wa korongoni ulijaa Hantkenina, aina mojawapo ya foraminifera. Huyu hakosewi: kila chumba cha gamba lake kina mwiba mrefu, kama nyota iliyopinda. Alitoweka baharini duniani kote miaka milioni 33.9 iliyopita, na kutoweka kwake ndiko kunakotenganisha zama mbili za kijiolojia, Eosini na Oligosini iliyoifuata. Kipimo rasmi cha mpaka huo kiko Massignano, Italia, mita 19 juu ya mwanzo wa mwamba uliopimwa. Mwamba wa Italia ni chokaa na wa Pande ni mfinyanzi, havifanani kwa lolote, lakini mahali Hantkenina anapoishia ni wakati mmoja. Kulinganisha matabaka ya mbali ni huko.

Sampuli za chooni hazikuwa naye. Zilikuwa na Pseudohastigerina wadogo, foraminifera wa aina nyingine, na hao nao walikwisha kama miaka milioni 32 iliyopita. Basi shimo liko katikati ya tarehe hizo mbili. Nilikuwa nimeshaandika hivyo, nikafungua ile ya mita 3.9. Humo Hantkenina mmoja.

Gamba lake halikuwa la buluu, kwa hiyo chujio halina kosa. Gamba lililong'olewa na mkondo kutoka tabaka la zamani na kuzikwa upya hufika limechakaa, miiba imekatika, mara nyingi likiwa na wenzake wa zama za mbali zaidi. Hili lilikuwa zima, la kioo, miiba yote ipo. Wala Turborotalia cerroazulensis, foraminifera mwingine aliyetoweka makumi ya maelfu ya miaka kabla ya Hantkenina, hakuwepo. Mmoja yupo na mwingine hayupo: maana yake ni kwamba sakafu ya choo cha mzee imeangukia ndani ya upenyo mwembamba kabisa wa wakati, upenyo ambao watu huutafuta kwa mitambo. Nilitaka sana iwe hivyo. Nilitengeneza slaidi ya nanofosili, yaani mabaki ya viumbe vidogo kuliko foraminifera: udongo wa ncha ya kijiti, tone la maji, kioo, hadubini ya kukuza mara 1,000. Mmoja wao, Discoaster saipanensis, hakuwepo, lakini yeye aliondoka miaka milioni 34.4 iliyopita, hivyo hakuweza kuamua kati yangu na gamba.

Likabaki bonge la kwenye gazeti. Nikaparua ngozi yake yote ya nje, nikaosha moyo wake gramu 200, nikaokota hadi punje ya mwisho. Siku mbili. Hantkenina hakuna. Nikarudi kwenye mfuko wa kitambaa, nikaosha mshono wake juu ya chujio, yakatoka magamba matano yenye miiba, mabaki ya korongoni.

Kwetu Dodoma hakuna wa kukudanganya hivi. Mawe yetu ni itale, ya zama ambazo hazikuwa na kiumbe mwenye gamba. Umri wake unasomwa ndani ya punje za madini ya zirkoni, kwa urani iliyogeuka metali ya risasi, na asiye na mashine ya mamilioni ya shilingi hawezi kusoma. Pande, brashi na chujio vinatosha, na mfuko mpya.

Mzee nilimpigia kumpa umri: kati ya miaka milioni 33.9 na 32. Akauliza kama choo kitasimama. Nikamwambia mfinyanzi huo huvimba masika na kupasuka kiangazi, ukuta utaanguka. Ajenge tofali toka chini hadi juu kabla ya mvua za Machi.