Matunda Damu Katika Ua wa Bamburi

Niliponunua miche mitatu ya matunda damu (tree tomato) kwenye kitalu kimoja cha kandokando ya barabara, kijana aliyeniuzia aliniambia, "Mama, mti huu hauchagui mahali." Nilimwamini, kwa kuwa miche yenyewe ilikuwa na majani mapana yenye umbo la moyo, na kwa kuwa nimezoea kununua matunda yake katika soko la Kongowea, hapa Mombasa, bila ya kujiuliza yanatoka wapi. Yanatoka bara.

Asili ya mti huu, ambao baadhi ya jirani zetu wa Tanzania huuita mgogwe, ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, na katika nchi za joto hustawi kwenye nyanda za juu, takriban mita 1,000 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Bamburi tunaishi karibu sawa na bahari yenyewe. Hata hivyo nilipanda miche miwili uani, katika mashimo niliyochimba kwa taabu kwenye mwamba wa matumbawe na kuyajaza udongo mzito na samadi ya mbuzi. Ilikua kwa pupa, na kabla ya mwaka kwisha yote miwili ilikuwa imenipita kimo. Maua yalitoka, madogo, ya waridi iliyofifia, yenye harufu nzuri, kisha yakapukutika shada baada ya shada, kwa sababu mti huu hutaka usiku wa baridi ndipo ushike matunda, na usiku wa kaskazi hapa kwetu hata mtu hulala kwa shida.

Masika yalipofika, shimo moja lilituamisha maji kama birika, mizizi ikaoza, na mti ukanyauka kwa siku chache tu. Wa pili uliangushwa na kusi. Mizizi yake husambaa juujuu na matawi yake huvunjika upesi, nami, kwa uzembe wangu, sikuwa nimeufungia nguzo.

Mche wa tatu nilimpelekea wifi yangu Wundanyi, katika vilima vya Taita, akaupanda nyuma ya jiko bila ya mbwembwe zozote, na baada ya mwaka mmoja na nusu hivi ukazaa.

Kwa aliye na shamba huko juu, ningemshauri aulize kwanza kama mche umetokana na mbegu, ambao hupanda wima kabla ya kutoa matawi, au na kipande cha tawi, ambao hutanuka chini na kwa hiyo hufaa zaidi penye upepo. Asiupande palipokuwa na nyanya, biringani au viazi, kwani ni jamaa moja na hushiriki maradhi.

Wiki iliyopita wifi aliniletea kikapu cha matunda yake. Niliyatumbukiza katika maji ya moto kwa dakika moja, nikamenya ngozi yake chungu, nikayasaga kwa sukari kidogo. Uani nimepanda mstafeli.