Unguja mpaka Pemba kwa ndege

Wenzangu wa bara nikiwaambia naenda kwetu Pemba wanadhani ni kuvuka tu kama pantoni ya Kigamboni, sio hivo jamani! Kutoka kiwanja cha Abeid Amani Karume pale Kisauni mpaka kiwanja cha Pemba karibu na mji wa Chake Chake ni kama kilomita 125 kwa mstari wa angani, na hizi ndege ndogo za injini moja, Cessna Caravan, zinakwenda karibu kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo ni nusu saa hivi ushatua. Ukikaa kushoto unakiona kisiwa kidogo cha Mnemba, baadae bahari tupu, halafu ghafla visiwa vidogo vidogo na mikarafuu, wallahi ile kijani hainichoshi kabisa.

Lakini mie nusu saa hiyo siihesabu peke yake. Kuna kuripoti mapema, kupima mizigo (begi kubwa usibebe, ndege yenyewe abiria kumi na kidogo), halafu ukishuka Chake na kwenu ni Wete bado una kilomita 30 hivi za gari.

Boti ni rahisi zaidi kwa nauli ila inashusha Mkoani, kusini kabisa, na kusi likivuma bahari ya pale inasumbua sana, wazee wanateseka. Ndo maana mama yangu namkatia ndege, hata kama mfuko unauma. Kwenye msiba pia, maana siye maiti tunazika haraka na ukichelewa hukuti kitu.