Siku moja nyuma ya kaunta ya spea

Watu wengi wanadhani kazi yangu ni kunyoosha mkono rafuni. Mteja anataja gari, nashusha boksi, anaondoka. Wiki iliyopita nikaamua kuandika siku nzima nyuma ya kitabu cha risiti, ili nikiulizwa tena muuza spea anachoshwa na nini, niwe na cha kusoma.

Saa moja na nusu asubuhi. Nafungua, nafagia, nahesabu mzigo wa jana. Boksi moja la filta limekuja na namba isiyo yetu. Naliweka kando.

Saa mbili hadi saa nne. Mafundi wa gereji. Breki padi, belti, oili, filta. Wanakuja na spea kuukuu mkononi, wanalinganisha, wanaondoka. Saa mbili zimepita kama dakika ishirini.

Saa nne na robo. Anaingia kijana anazungusha funguo kidoleni. Ana Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile yenye taa zinazochomoza, imetembea kilomita 287,000.

"Bosi, nipe plagi za iridiamu za mashindano, zile baridi kabisa. Na waya za plagi, nyekundu, nene. Gari linamisi, linakosa moto nikikanyaga mafuta mlimani."

Namuuliza ninachowauliza wote: plagi za zamani umezifungua ukaziona?

"Za kutupa hizo, niziangalie za nini?"

Basi nikaanza. Plagi ndiyo inayorusha cheche ya kuwasha mafuta, na ubaridi wake si nguvu, ni wepesi wa kupoteza joto. Ncha ya plagi inatakiwa ipate joto la kama nyuzi 450 za Selsiasi ili iunguze masizi yake yenyewe, lakini isipite sana 800, maana hapo itawasha mafuta kabla ya wakati wake. Kwa injini yake namba za ubaridi za kampuni ya NGK ni 5 au 6. Yeye alitaka 9. Angeendesha mjini wiki mbili zingejaa masizi, arudi kuniambia nimemuuzia feki. Halafu kwenye simu yake alikuwa na orodha iliyochanganya kampuni, bila kujua kwamba kwa NGK na Denso namba ikipanda plagi ni baridi zaidi, ila kwa Bosch ni kinyume. Nilipomwambia akanitazama kama nimetunga palepale.

"Nenda kafungue plagi," nikamwambia. "Soketi nakuazima. Lakini subiri injini ipoe, kichwa chake ni alumini, ukilazimisha ikiwa ya moto utang'oa na nyuzi za tundu zinazoshika plagi."

Nilifikiri atasubiri kwenye gari. Akasubiri kwenye kaunta yangu, viwiko vyote viwili juu ya kioo, muda wa saa nzima. Mama mmoja akaja kutafuta balbu ya taa ya nyuma, kijana akamshauri anunue ya LED. Fundi akaja kuuliza beringi, kijana akamuuliza kwa nini asiweke ya kampuni nyingine. Kati ya mteja na mteja ananirudia: eti waya ya milimita 10 inapitisha moto mwingi kuliko ya 8? Nikamwambia unene mwingi anaouona ni mpira wa nje, wala rangi haiendeshi gari. Cha kuuliza ni ndani kuna nini. Waya ya chuma kitupu isiyo na ukinzani itamletea kelele kwenye redio, na inaweza hata kuchanganya kompyuta ya injini. Akauliza tena kuhusu nyekundu.

Saa sita kasoro. Akarudi na plagi nne kwenye mfuko wa plastiki, zote pamoja, zinagongana. Hakuandika ipi imetoka silinda ipi. Nikavuta pumzi, nikazipanga juu ya gazeti.

Hapa nikasahau miguu yangu inavyouma. Ncha zote zilikuwa na rangi ya hudhurungi hafifu, kavu. Injini ya kilomita 287,000 na haili oili! Nikamwambia hongera, akadhani namkejeli. Lakini moja ilikuwa na oili kwa nje, kwenye kauri, na juu ya kauri hiyo mstari mweusi mwembamba kama wa penseli. Umeme ulikuwa ukipita nje ya plagi badala ya kuruka kwenye ncha. Nikamwomba alete na waya yake: mpira umevimba, laini kama umelowekwa. Kwenye injini hizi plagi zimekaa ndani ya visima katikati ya tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini. Gasketi inayokiziba ikichoka, oili inashuka kisimani na kuula mpira wa waya. Ukikanyaga mafuta mlimani, mgandamizo unaongezeka, cheche inahitaji volti kubwa zaidi kuruka, na umeme unatafuta njia rahisi.

Kuna jambo la pili. Plagi mbili zilikuwa zimelika pembeni, kwenye ule ulimi uliopinda, na mbili hazikulika hivyo. Aliyezifunga aliweka za platinamu upande mmoja tu, kwenye ncha ya katikati. MX-5 hiyo ina koili mbili, zinazotengeneza umeme wa cheche, kwa silinda nne: ya kwanza na ya nne zinapigwa pamoja, ya pili na ya tatu pamoja. Katika kila jozi, plagi moja cheche yake inaruka kinyume na mwenzake, kwa hiyo chuma kinalika kutoka kwenye ulimi ambao hauna platinamu. Mwanya kati ya ncha na ulimi unapanuka, volti inayohitajika inapanda, na waya iliyochoka ndiyo inayosalimu amri.

Kwa hiyo: plagi za kawaida za nikeli, zile watu wanaziita za shaba (shaba iko ndani, na karibu kila plagi inayo), au kama anataka za kudumu, zenye madini ya thamani pande zote mbili. Namba ya hizo za nikeli ni BKR5E-11, mwanya milimita 1.1. Waya seti nzima, aina ya kiwandani. Na kabla ya yote hayo, gasketi ya tapeti kava.

"Ahaa," akasema, "sasa unataka kuniuzia na gasketi."

Kati ya vyote alivyovitaja tangu asubuhi, gasketi ndiyo ilikuwa ya bei ndogo kuliko vyote. Sikujibu. Fundi wa beringi, ambaye alikuwa bado anasubiri, ndiye aliyejibu, na maneno yake siyaandiki hapa.

Akanunua vyote. Nikamweleza: safisha visima kwanza, kaza plagi kwa mkono mpaka ikae, kisha nusu mzunguko kwa spana, na waya badilisha moja moja. Moja moja, nikarudia.

Mchana. Nilikula nimesimama. Mtu akarudisha plagi yenye kauri iliyopasuka, anasema niliiuza hivyo, ingawa alama ya kuanguka inaonekana kwenye nyuzi. Simu. Mzigo. Yule wa filta yenye namba isiyo yetu hakupokea simu. Saa ya ukutani niliacha kuitazama.

Jioni, taa nimezima, kufuli mkononi, simu ikalia.

"Bosi, hizi waya ulizonipa siyo. Ya silinda ya kwanza haifiki. Na gari linakohoa tu, haliwaki."

Koili za gari lile zimekaa nyuma ya injini, kwa hiyo waya ya silinda ya kwanza, iliyo mbele kabisa, ndiyo ndefu kuliko zote.

"Umezitoa moja moja?"

Kimya. Nasikia boneti ikigongwa na upepo.

"Nilizitoa zote, nikaziweka chini."

Nikawasha taa tena, nikavuta stuli. "Sawa. Zilaze chini zote nne, tuanze na ile ndefu."