Ushauri wa watu wa baridi uliniharibia filamu. Hizi ndizo nilizobaki nazo

Kamera yangu ni Pentax K1000 niliyoachiwa na marehemu baba mdogo. Chuma kitupu, betri ni ya kipimo cha mwanga tu. Haijanisumbua hata siku moja. Kilichonisumbua ni filamu, na zaidi ya filamu, washauri.

Nilipoanza niliambiwa mambo matatu na watu wa nchi za baridi. Anza na nyeusi na nyeupe, kwa kuwa inasafishika nyumbani, rangi waachie wenye maabara. Ukitaka rangi iliyokolea, nunua Ektar, filamu ya rangi ya Kodak. Na unapoingiza filamu kwenye tangi la kusafishia, washa taa nyekundu uone unachofanya. Nikayafuata yote matatu, na yote yamenitia hasara.

Taa nyekundu ndiyo iliyoniuma kuliko yote. Nilikwenda Makunduchi, Unguja, kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa huko, na mkanda mmoja wa HP5 Plus, filamu ya nyeusi na nyeupe ya Ilford, picha 36. Nikapata wanaume wanachapana kwa magogo ya migomba, nikapata wanawake wanaimba, nikapata kibanda kinawaka moto na vumbi limetanda nyuma yake. Usiku nikajifungia chooni, nikafunga balbu nyekundu, nikazungusha filamu kwenye gurudumu la tangi kwa utulivu kabisa. Nilipomaliza kusafisha ikatoka nyeusi kama lami mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa hata na kivuli cha mtu. Na Mwaka Kogwa ni mara moja kwa mwaka.

Nikampelekea mkanda ule mzee mmoja aliyekuwa na studio tangu ujana wake.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nani kakwambia uwashe taa?”

Nikamtaja. Akaushika mkanda, akaunyanyua dirishani. “Taa nyekundu ni ya karatasi za kuchapia picha. Karatasi haioni wekundu. Filamu hii inaona kila rangi, na nyekundu imo. Hii ni ya giza la kaburi.”

Baadaye nilijua kwamba zipo filamu zisizoona wekundu, mfano Ilford Ortho Plus 80, na zamani zilikuwa za kawaida. Aliyenishauri alichanganya. Siku hizi natumia mfuko mweusi wenye mikono, na kabla ya kuanza naanika gurudumu la plastiki juani, kwa sababu likiwa na unyevu filamu inanasa katikati, na humo ndani mikono inatoka jasho.

Sasa hilo la “nyeusi na nyeupe ni rahisi”. Vitabu vinasema nyuzi 20. Maji ya bomba Mji Mkongwe, mwezi wa Februari, nimeyapima yana 29. Kwenye joto hilo dawa inafanya kazi kwa pupa, muda unakuwa mfupi mno na picha zinatoka na mabaka. Mikanda yangu mitatu ya kwanza ilikuwa na chembechembe nene kama mchanga, nikailaumu filamu, nikahamia Fomapan 400, nikailaumu na hiyo. Kumbe kosa ni maji.

Nililolifanya ni hili. Maji ya kuchanganyia dawa na ya kuoshea yanalala ndani ya mtungi usiku kucha. Mtungi kwa unyevu wa pwani hauleti baridi kubwa, lakini unapunguza nyuzi mbili tatu bure. Asubuhi Bibi ananipa barafu zake za mifuko, zile anazouzia watoto wa chuoni, naziweka ndani ya beseni pembeni ya chupa za dawa. Pembeni, si ndani! Naangalia kipimajoto mpaka kisome 24, nasimama hapo. Sihangaiki tena na 20. HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ni dakika 13 kwa nyuzi 20; kwa 24 mimi natumia kama tisa. Dawa ya kugandisha na maji ya kuosha navyo viwe kwenye joto hilohilo, maana ukitoa filamu kwenye baridi ukaitumbukiza kwenye maji ya 29, ngozi yake inaweza kujikunja.

Rangi je? Rangi inasafishwa kwa nyuzi 38, dakika tatu na sekunde 15 kwenye dawa ya kwanza. Kwao huko maji yakiwa na 12 lazima waone ni mlima. Mimi maji yangu tayari yana 29! Birika moja la maji ya moto kwenye beseni, na joto halishuki upesi kwa sababu chumba chenyewe ni tanuri. Mkanda wangu wa kwanza wa rangi ulitoka safi. Miezi minane nilikuwa nimeogopa kitu ambacho kwetu ndicho chepesi.

Hapo nikaamua sitanunua tena filamu kwa kusikia. Binamu yangu wa Muscat alikuwa anakuja, nikamwagiza mikanda minne ya rangi: Ektar 100, Portra 400, Gold 200 na UltraMax 400. Kama laki mbili hivi iliondoka. Nilimsisitiza aziweke kwenye mfuko wa mkononi na aombe zikaguliwe kwa mkono, kwa sababu mashine mpya za viwanja vya ndege zinaunguza filamu.

Kamera ni moja, na nilitaka uso uleule, ukuta uleule, saa ileile. Basi nilipiga picha tano za Ektar, nikaandika namba kwenye ganda, nikaanza kurudisha mkanda polepole sikio likiwa kwenye mgongo wa kamera. Ncha inapochomoka kwenye roda unasikia “tk” na mkono unakuwa mwepesi. Simama hapohapo! Ukiendelea ncha inaingia ndani ya ganda. Nikatoa, nikaweka Portra, tano, na kuendelea hivyo. Kuirudisha Ektar siku nyingine nilifunika lenzi, nikaweka kasi ya 1/1000 ya sekunde na tundu dogo kabisa la lenzi, f/22, nikabonyeza mpaka namba saba ili kuacha nafasi. Mikanda minne ilizunguka hivyo wiki nzima: Bibi barazani asubuhi, Bibi juani saa saba mchana, uchochoro, kina mama wa mwani Paje maji yakiwa yametoka. Hakuna picha hata moja iliyopanda juu ya nyingine, na ninajivunia hilo.

Ektar kwenye ngalawa na bahari ni nzuri kweli. Kwenye uso wa Bibi ilikuwa msiba: ngozi yake ya kahawia ilitoka nyekundu kama tofali, na kivuli cha mtandio kikawa cha buluu. Si bahati mbaya tu. Kwa miaka mingi Kodak waligawa kwa wachapishaji kadi ya mwanamke mweupe, ikiitwa Shirley, ndiyo ya kulinganishia rangi ya ngozi. Malalamiko yaliyosukuma mabadiliko miaka ya 1970 yalitoka pia kwa watengeneza chokoleti na fanicha za mbao, ambao kahawia zao hazikutofautiana pichani. Filamu za leo ni bora mno, lakini mimi sichukui neno la mtu ambaye hajaipima kwenye uso kama wa Bibi yangu.

Portra 400 nikiipiga kama ASA 200 (ASA ni kipimo cha filamu inavyoshika mwanga; namba ikiwa ndogo inataka mwanga mwingi) inaonyesha kila kunyanzi na bado kanga nyeupe haiungui. Ndiyo bora ya zote, na ghali ya zote. Gold 200 inanitosha siku nyingi. Ina joto fulani, mchanga wa Paje na ngozi zetu vinaelewana nayo, mradi usiinyime mwanga. Ukuta wa chokaa unadanganya kipimo, kwa hiyo mimi napima kivuli cha uso. UltraMax sikuipenda.

Kwa nyeusi na nyeupe, nimerudi HP5 Plus. Tri-X 400 ni filamu yenye heshima, ipo tangu 1954 kwa mkanda wa milimita 35, lakini picha zake kwenye dawa yangu zinakaza, yaani weupe na weusi vinaachana mno, na jua letu tayari limekaza. HP5 ni laini, inabeba uchochoro na ukuta wa jua katika picha moja, na jioni Forodhani naipiga kama 1600 nikiongeza muda wa dawa. FP4 Plus ina chembe ndogo nzuri, ila ASA 125 kwenye vichochoro vyetu inakulazimisha kasi ya 1/15 ya sekunde, na mkono haukai.

Friji ya Bibi ina chombo changu chini ya barafu zake: HP5 kumi, Gold sita, Portra mbili za harusi. Nikitoa moja naiacha saa mbili mezani kabla ya kufungua kopo, isije ikatoka jasho. Julai narudi Makunduchi.