Shingo yangu ndiyo iliyonifundisha kusoma karatasi ya dawa

Naandika nikiwa na hasira kidogo, maana jana tena mtu kaniambia kuhusu dawa zangu za akili "achana na hizo dawa zitakufanya zezeta", na yeye hata jina la dawa moja hawezi kulitamka. Ila nisijifanye mtakatifu, mimi mwenyewe nimewahi kuwa mjuaji kuliko huyo.

Nilikuwa nasikia sauti, silali, nikapelekwa hospitali nikatoka na haloperidoli pamoja na vidonge vingine vidogo vya Artane. Kipi cha nini hawakunieleza na mimi sikuuliza. Nilipotulia kidogo nikaingia kwenye simu nikagugo. Haloperidoli: ya sauti na mawazo yasiyo ya kweli, sawa, hapo tumeelewana. Artane: ugonjwa wa Parkinson. Nikacheka peke yangu, Parkinson! Wamenipa dawa za mzee wa watu anayetetemeka mikono! Nikaziweka pembeni, nikaendelea na ile moja, na nyumbani nikawatangazia kwamba nimewakamata madaktari.

Siku ya tatu jioni taya likaanza kukaza. Nikajikanda. Mara shingo ikaanza kuvuta kushoto yenyewe, nairudisha kwa mkono, inatulia sekunde mbili, inaenda tena, kama mlango wenye bawaba mbovu. Ulimi ukawa mzito, macho yakapanda juu yakagoma kushuka, yaani namsemesha mke wangu huku natazama dari. Yeye analia, mimi nataka kumwambia usilie mama, kinachotoka ni "uhiye aha". Na akili iko timamu kabisa, hapo ndipo panapotisha.

Nesi alinitazama mara moja tu. "Kaka, unakunywa haloperidoli? Na Artane je?" Nikatikisa kidole kwamba hapana. Hakunigombeza, akanichoma sindano, na hata nusu saa haikuisha shingo ikarudi mahali pake.

Kumbe haloperidoli inazuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, ndiyo maana sauti zinapungua, lakini hiyo hiyo dopamini ndiyo inayoongoza mwendo wa misuli, na Parkinson nayo inatokana na upungufu wake. Kwa hiyo Artane nilipewa kulegeza kile ambacho haloperidoli ingekaza. Gugo haikukosea, swali langu ndilo lilikuwa bovu. Nilitakiwa kuuliza hii dawa inafanya nini KWANGU. Shangazi yangu naye alisusa amitriptilini kwa kuona imeandikwa ya sonona, wakati yeye kapewa dozi ndogo ya maumivu ya neva. Kabamazepini hivyo hivyo, ya kifafa, na anapewa pia mtu mwenye bipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda sana na kushuka sana.

Sasa ile karatasi ya ndani ya boksi. Mwanzoni nilikuwa naisoma kama hukumu, kila kitu nahisi ninacho. Siku moja mfamasia akanionyesha kuwa yale maneno yana hesabu: kwenye karatasi nyingi "maudhi ya kawaida sana" ni zaidi ya mtu 1 kati ya 10, "nadra sana" ni chini ya 1 kati ya 10,000. Nilikuwa nayapa yote uzito mmoja! Nikachukua kalamu mbili. Buluu kwa yanayosumbua tu, mdomo mkavu, kukosa choo, usingizi. Nyekundu kwa ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo, kwa mfano homa kali na misuli kukakamaa huku mtu anachanganyikiwa. Nyekundu zilikuwa mistari michache tu, nikalala.

Na kidaftari ninacho, tarehe na kilichonipata, maana ukifika kwa daktari akikuuliza "unaendeleaje" unajibu "vizuri" halafu mlangoni ndo unakumbuka. Kwa sababu ya kidaftari hicho nilibadilishiwa nikapewa olanzapini. Shingo salama, ila njaa! Naamka usiku kutafuta chakula kama mwizi kwenye nyumba yangu mwenyewe, nikaongezeka kama kilo tisa hivi. Nilitamani kuikata ghafla, nikaikumbuka shingo, nikaenda kusema. Wakanipima sukari, dozi ikashushwa taratibu, nikaanza kutembea kila asubuhi.

Kilo sita zimeondoka. Tatu bado zipo, naziona kila nikifunga suruali.