Hita iliyokuwa ikinguruma

Hita yetu ya umeme, ile ya tangi, ilianza kutoa milio ya kupasuka-pasuka kila ilipowaka. Maji ya moto nayo yakawa yanakata kabla mtu wa pili hajamaliza kuoga. Kaka yangu akataka tupandishe themostati, yaani kidhibiti cha joto. Nilikataa: ilikuwa kwenye nyuzi 60, joto linalotosha kuwadhibiti bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, na ambalo tayari huunguza ngozi kwa sekunde chache tu.

Nilichoshuku ni chokaa. Maji yenye madini mengi yakipashwa moto huiacha chini ya tangi na kwenye koili, ile inayopasha maji. Maji yanayonaswa ndani ya ukoko huo huchemka yakawa mvuke, na mlio hutokea hapo.

Nilizima umeme kwenye swichi kuu kwanza, maana koili ikiwaka bila maji huungua. Maji yakaachwa yapoe usiku kucha. Kulipokucha nikafunga koki ya maji baridi, nikaunganisha mpira wa maji kwenye koki ya chini ya tangi, kisha nikafungua bomba la moto bafuni ili hewa iingie. Bila hewa hiyo maji hutoka kwa kusitasita.

Mwanzoni yalitoka safi kabisa, hata nikadhani nimejisumbua bure. Kisha yakaja ya rangi ya maziwa, halafu mchanga, halafu vipande vilivyoziba koki kabisa. Nikawa nafungulia maji baridi kidogo kidogo ili yavuruge tope la chini, nafunga, naachia tena. Kazi hii haitaki haraka. Yalipotoka safi nikajaza tangi, nikangoja bomba la bafuni litiririke bila kukohoa hewa, ndipo nikawasha umeme.

Valvu ya usalama sikuigusa. Wapo wanaoiziba ikidondosha maji. Ni hatari kubwa, kwa kuwa ndiyo inayozuia tangi kupasuka shinikizo likizidi.

Maji sasa yanatutosha sote. Fundi alikuja baadaye akachomoa fimbo ya magnesi, iliyolika hadi waya wa ndani ukaonekana. Imewekwa hiyo ili iliwe na kutu badala ya tangi, basi tukabadilisha. Mlio mdogo bado upo, kwani chokaa iliyoshika koili haiondoki kwa kumwaga maji. Koili itafunguliwa isuguliwe kwa siki.