Betri za tela letu la safari

Tela letu ni dogo: kitanda cha watu wawili, meza ya kukunja, jiko la gesi, friji ndogo na feni, vyote ndani ya sanduku ambalo gari letu la kawaida hulivuta bila taabu. Tumelivusha hadi Pemba kwa meli mara tatu, na kila mara tulilala upande wa Makangale, karibu na msitu wa Ngezi, mahali ambapo jua likishazama hatuna umeme mwingine ila ule tuliokuja nao ndani ya betri.

Betri nilianza kuzifahamu kwa hasara. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa takriban miezi mitatu bila umeme wa gridi, nyumbani tuliichomoa betri ya gari, tukaiunga na taa na redio, na kila usiku tukaitumia mpaka taa zikafifia. Haikufika hata miezi miwili. Niliamini kwamba ilikuwa mbovu tangu dukani, lakini baadaye nilielewa kwamba tuliitwisha kazi isiyo yake. Betri ya kuwashia gari ina mabamba mengi membamba ya risasi, ili itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache, kisha altaneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini, iijaze papo hapo. Betri ya sola ina mabamba mazito, yanayovumilia kutoa umeme kidogo kidogo usiku kucha na kujazwa tena kesho yake. Kwa macho hutazitofautisha. Ikiwa lebo inataja nguvu ya kuwashia injini tu na haitaji ampea-saa, yaani kipimo cha umeme ambao betri huhifadhi, hiyo si betri ya kulalia ndani ya tela.

Kabla ya kununua, hesabu kwanza matumizi yako. Friji yetu hula wati 45 na kwa joto letu hufanya kazi karibu saa 12 kwa siku, sawa na wati-saa 540 (wati mara saa). Feni ya wati 15 kwa saa nane ni 120, taa ni 40, na simu zetu mbili hazizidi 30. Jumla ni wati-saa 730, yaani takriban ampea-saa 61 kwa volti 12. Betri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo siku moja tu inahitaji zaidi ya ampea-saa 120, na mawingu yakitanda siku mbili utajuta usipokuwa na akiba. Betri ya lithiamu, ile inayoandikwa LiFePO4, huruhusu kutumiwa asilimia 80 bila madhara, hivyo moja ya ampea-saa 100 hutupa wati-saa 1,000 hivi, tena kwa kilo kama 12, ilhali ya risasi ya ujazo huo hukaribia kilo 30. Kwa tela dogo uzito huo si jambo la kupuuza. Mimi nilichagua lithiamu, ingawa bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili, na ningeichagua tena. Hata hivyo, anayesafiri mara mbili kwa mwaka na haendi na friji atatosheka kabisa na betri kavu ya risasi, ile iliyozibwa isiyoongezwa maji.

Kinachoua betri nyingi za risasi ni kuachwa bila kujaa. Betri inapotoa umeme, mabamba yake hufunikwa na salfeti ya risasi, nayo ikijazwa mapema salfeti hiyo huyeyuka na kurudi ilikotoka. Lakini ikikaa wiki kadhaa huwa fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziondoi, na kila fuwele ni sehemu ya bamba isiyofanya kazi tena. Nunua mita ya kupimia volti, kifaa cha bei nafuu. Betri iliyopumzika saa kadhaa ikisoma 12.7 imejaa, ikisoma 12.2 iko nusu, na ikisoma 12.0 usilale kabla hujaiweka kwenye chaji. Wakati wa masika, tela linapokaa uani tu, mimi huichaji ya risasi kila mwezi. Ya lithiamu huiacha ikiwa karibu nusu na kuitenganisha na waya zote.

Joto letu nalo lina sehemu yake. Maisha ya betri ya risasi hupungua karibu nusu kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya nyuzi 25, na ndani ya tela lililofungwa juani nyuzi 40 hufika kwa urahisi. Kontrola ya sola, kifaa kinachodhibiti chaji ya kutoka kwenye paneli, iliyopangwa volti 14.4 inapaswa kushuka hadi takriban 14.1 kwenye joto hilo. Tafuta yenye waya wa kupimia joto la betri yenyewe. Betri za maji hukauka upesi, basi ziongezwe maji yaliyotoneshwa pekee, yaani mvuke uliogeuzwa tena kuwa maji, kwa kuwa maji ya visima vyetu vya matumbawe yana chokaa na chumvi. Tena hutoa haidrojeni zinapochajiwa, kwa hiyo nakuomba usiziweke chini ya kitanda pasipo na tundu la kupitisha hewa nje.

Kosa jingine nililolikuta kwenye tela letu lilikuwa waya. Aliyetutengenezea alivuta waya wa milimita 2.5 za mraba kutoka kwenye gari, mita sita kwenda na sita kurudi, na kwa ampea 10 njia hiyo hupoteza karibu volti 0.8, kiasi kwamba betri haikujaa hata baada ya safari ya kutoka Mkoani hadi Konde. Tuliweka waya wa milimita 16 za mraba, fyuzi karibu kabisa na betri, na chaja maalumu kati ya gari na tela, kwani lithiamu huvuta umeme mwingi hata altaneta ikapata moto kupita kiasi.

Vichwa vya betri huota unga wa kijani na mweupe kwa sababu ya hewa ya bahari. Kila tunaporudi kutoka pwani navisafisha kwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji ya moto, navikausha, kisha navipaka vaselini.